Tunauguza nje ya mlango

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Katibu Mkuu wa Wizara, Mganga Mkuu wa Serikali, na nyinyi waganga wafawidhi na wauguzi viongozi wa hospitali zote nchini Tanzania zenye chumba cha wagonjwa mahututi (ICU).

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote.

Mezani kwangu kuna bahasha ya kaki yenye vikaratasi 14. Vyote vilipita kwenye mlango mmoja ndani ya siku 9, mwaka jana, mdogo wangu alipokuwa amelazwa ICU katika hospitali ya rufaa ambayo sitaitaja. Kimoja kina jina la dawa na idadi ya chupa. Kingine kinasema glavu boksi moja, mpira wa mkojo mmoja. Kingine kinasema damu chupa mbili, ndugu waje kuchangia. Kingine, kwa mwandiko wa haraka sana, kinaomba pampasi za mtu mzima na mafuta ya kupaka mgongoni. Nimevitunza kwa sababu ndiyo maandishi pekee niliyobaki nayo kuhusu siku zile. Ukivisoma vyote kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho utajua tulinunua nini. Hutajua mgonjwa alikuwa anaendeleaje.

Niseme mapema ili msinielewe vibaya: mdogo wangu yu hai. Waliomtibu walimtibu kwelikweli, na sitaacha kuwaombea. Sidai fidia wala simshitaki mtu. Naandika kuhusu sisi tuliokuwa nje.

Alikuwa na ujauzito wa wiki 35. Miguu ilikuwa imevimba, akasema kichwa kinamgonga na macho yanaona vimulimuli. Kabla bajaji haijafika akaanguka, degedege likamshika palepale barazani mbele ya mama yetu. Kifafa cha mimba. Kituo cha afya kilifanya kilichotakiwa, wakamchoma sindano na kumpandisha gari la wagonjwa. Usiku uleule mtoto akatolewa kwa upasuaji, wa kike, kilo 2.1, akalia. Mama yake hakuamka. Saa nane za usiku tukaambiwa amepelekwa ICU, amewekewa mashine ya kupumulia.

"Subirini nje." Maelezo yaliishia hapo.

Kiswahili kina neno ambalo kila aliyewahi kukaa benchi la hospitali analijua: kuuguza. Ukimkuta mtu kantini ya hospitali na chupa ya chai na beseni, ukimuuliza atakwambia, "Namuuguza mama," au "Nauguza, nina mtoto wodi namba tatu." Muuguzi mwenye sare naye jina lake limetoka kulekule. Na kweli, kwenye wodi zetu za kawaida kazi hiyo tunagawana. Nesi anatoa dawa, anapima presha, anabadilisha dripu. Ndugu anamnywesha uji, anamsafisha, anamgeuza, anafua shuka, anakimbia maabara na kichupa cha damu mkononi, usiku analala sakafuni kando ya kitanda amejifunika khanga. Hakuna aliyetufundisha. Tumekua tukiona hivyo, na mgonjwa asiye na wa kumuuguza huonewa huruma na wodi nzima.

Siku mgonjwa huyo anapozidiwa na kuhamishiwa ICU, yote hayo yanakoma kwa dakika moja. Beseni linarudishwa. Uji unarudishwa, maana analishwa kwa mpira. Khanga zinarudishwa. Mikono ya mama iliyokuwa na kazi tangu siku anamzaa binti yake inabaki mitupu, tena wakati ule hofu imezidi nyakati zote. Naelewa kwa nini sehemu kubwa ya hayo haina budi kuwa hivyo. Ninachouliza ni kwamba, mlipotuondolea kazi ya kuuguza, mlitupa nini badala yake?

Tulipewa benchi. La mbao, kwenye korido, la kukaa watu watano, na sisi tulikuwa familia sita. Baada ya siku mbili tulikuwa tumeshajuana kwa namba za vitanda. Tulikuwa pia tumeujua mlango. Ukifunguka kidogo, ni kikaratasi: nesi anachungulia, anaita, "Ndugu wa kitanda namba nne!" Unasimama moyo unakwenda mbio, unapokea, unaambiwa, "Fanyeni haraka kidogo," unafungwa. Ukifunguka pande zote mbili, ni kitoroli kinatoka, na hapo korido nzima inasimama, kwa kuwa hakuna ajuaye ni cha nani.

Siku ya tatu mama yangu alipata njia yake ya kupata habari. Kulikuwa na mama wa usafi aliyeingia saa kumi na mbili asubuhi na ndoo yake. Mama alikuwa anamvizia akitoka. Hamuulizi kwa mdomo, mlinzi yuko karibu. Anamwonyesha vidole vinne. Yule mama anainamisha kichwa kidogo: bado yupo. Hapo ndipo mama anapokubali kunywa chai. Ndivyo tulivyopata taarifa kila asubuhi mpaka mwisho, ndani ya jengo lenye mashine za mamilioni ya shilingi na madaktari waliosomea miaka mingi. Mungu ambariki mama yule. Lakini waheshimiwa, ile haikuwa kazi yake, na lau angekamatwa angeweza kufukuzwa.

Na daktari tulizungumza naye mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa siku ya nne. Alitoka akivua glavu, kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akamwita mume wa mgonjwa. Akamwambia figo zimegoma, inabidi awekewe mpira shingoni aingizwe kwenye mashine, saini hapa. Meza haikuwepo. Shemeji aliibandika fomu ukutani akasaini kalamu ikikwama. Dakika mbili, labda tatu. Akarudi kukaa, akawa kimya. Mchana hakula, usiku hakula. Siku mbili baadaye tukiwa kwenye foleni ya dirisha la malipo ndipo aliponiuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, ile figo waliyoitoa watatupa tukaizike, au inabaki hukohuko?"

Siku mbili nzima alikuwa akiamini mkewe ametolewa figo, na kwamba aliyeruhusu ni yeye. Mtu huyu amemaliza kidato cha nne na ana duka la vifaa vya ujenzi analoliendesha vizuri. Tatizo si akili yake. Aliambiwa jambo zito amesimama, usiku wa nne hajalala, na aliyemwambia tayari alikuwa amegeuka kurudi ndani. Mashine ya kusafisha damu ingeweza kuelezwa kwa sentensi tano.

Nilipomsimulia rafiki yangu ambaye ni daktari, hakushangaa. Aliniambia mambo haya yameshapimwa, akanitumia tafiti nikasoma likizo nzima ya Desemba. Mwaka 2000 timu ya daktari Élie Azoulay nchini Ufaransa ilichapisha matokeo ya kuwauliza ndugu wa wagonjwa wa ICU baada ya kuzungumza na daktari. Asilimia 54 walikuwa hawajaelewa ugonjwa, au matibabu, au matarajio ya mgonjwa wao. Hiyo ni Ufaransa, wenye viti na meza. Mwaka 2005 timu hiyohiyo ikaonyesha kwamba theluthi moja ya ndugu walibaki na dalili za kiwewe miezi mitatu baadaye: ndoto, kushtuka, kukwepa chochote kinachowakumbusha. Wataalamu wa Marekani wameipa hali hiyo jina lake kabisa, wakakubali kwamba ICU huacha madhara kwa mgonjwa na kwa familia yake pia.

Nilisoma hilo nikamkumbuka mama. Mpaka leo simu yangu ikiita usiku anaamka chumba cha pili na kukaa kitandani, anasubiri nimwambie ni nani.

Tena wala si jambo jipya. Mwaka 1979 muuguzi wa Marekani, Nancy Molter, aliwauliza ndugu 40 wa wagonjwa mahututi wanahitaji nini hasa, akawapa orodha ya mambo 45. Walichokiweka mbele ya vyote ni kuona kwamba kuna matumaini. Katika yaliyofuata kwa karibu mlikuwa na kujibiwa maswali kwa ukweli, kuelezwa kwa maneno yanayoeleweka, kupigiwa simu hali ikibadilika, na kupewa taarifa mara moja kwa siku. Mara moja kwa siku! Mimi na mama tungeridhika na hiyo. Mama asingeonyesha vidole vinne.

Lililonigusa zaidi ni jaribio la mwaka 2007, Ufaransa tena, kwenye ICU 22. Familia ambazo wagonjwa wao walikuwa wanaelekea kufariki ziligawanywa. Kundi moja lilipata mazungumzo kama ilivyozoeleka. Jingine lilipangiwa kikao: watu wanaketi, daktari anathamini wanachosema, anaacha nafasi ya machozi, anauliza mgonjwa wao ni mtu wa namna gani, anasubiri maswali, wanaondoka na kijitabu kidogo kuhusu kufiwa. Kikao cha kawaida kilichukua dakika 20, hiki 30. Ndani yake ndugu walizungumza dakika 14, wakati wenzao walizungumza dakika 5. Miezi mitatu baadaye, katika kundi la kawaida waliokuwa na dalili za kiwewe walikuwa asilimia 69. Katika kundi la kikao, 45. Waheshimiwa, hizo ni dakika 10 za ziada. Hakuna dawa iliyonunuliwa.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila kinachojaribiwa kinafaulu. Mwaka 2018 huko Pennsylvania, Marekani, waliweka wauguzi maalumu wa kukutana na familia kila mara, na miezi sita baadaye huzuni na wasiwasi wa ndugu havikuwa vimepungua kwa kiasi cha kupimika. Lakini familia zenyewe zilisema zimeongea vizuri zaidi na madaktari. Mimi ningelichukua hilo kwa mikono miwili. Huzuni ya kuuguza mtu mahututi haiondolewi na mkutano. Shemeji yangu hakuhitaji kuondolewa huzuni, alihitaji kujua kwamba figo ziko mahali pake.

Kuna usiku mmoja lazima niwasimulie. Ulikuwa wa sita. Saa kumi alfajiri mlango ulifunguka kidogo, tukajua kikaratasi. Alikuwa nesi wa zamu ya usiku, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Hakuwa na karatasi. Akamwangalia mama aliyekuwa amekaa sakafuni, akasema, "Mama wa namba nne, njoo. Vua viatu. Nawa mpaka kwenye viwiko." Akamvika gauni na barakoa, akamwingiza. Mama alitusimulia baadaye. Alimkuta mwanawe ana mipira mdomoni, shingoni na mkononi, uso umevimba hata akasita kama ni yeye. Nesi akamwambia, "Mshike mguu, huku hakuna kitu. Mwite jina lake analoitwa nyumbani. Mwambie mtoto amenyonya." Mama akamshika mguu wa kushoto, akaona kucha zina rangi ileile ya hina ya kutoka kwenye harusi ya binamu yetu, ndipo akaamini. Akamwambia mtoto amenyonya, japo kweli alikuwa ananyweshwa kwa kikombe na shangazi. Dakika 4. Alipotoka alilala kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Sijui jina la nesi yule, na hata ningelijua nisingeliandika, maana nina hakika alivunja utaratibu. Huo utaratibu ndio ninaowaomba muubadilishe. Kitu alichokifanya kisitegemee moyo wa mtu mmoja aliyekuwa zamu. Kiwe haki inayojulikana, ina saa yake, imeandikwa kwenye ule Mkataba wa Huduma kwa Mteja mliobandika ukutani.

Najua mtasema maambukizi. Ni hoja ya kweli na naiheshimu: mgonjwa mwenye mipira mwilini hana ngao, na mikono yetu imetoka kwenye daladala. Lakini mikono hunawishwa. Brazil walilipima jambo hili katika ICU 36, matokeo yakatoka mwaka 2019. Walilinganisha kipindi cha kuona wagonjwa kwa saa chache na kipindi ambacho ndugu waliruhusiwa mpaka saa 12 kwa siku, baada ya kuelekezwa namna ya kukaa humo. Maambukizi hayakuongezeka kwa namna ya kuonekana. Kuchanganyikiwa kwa wagonjwa hakukupungua kama walivyotarajia, hilo niliseme pia. Wasiwasi na sonona ya ndugu vilipungua. Mimi siombi saa 12. Vyumba vyetu vingine ni vidogo, vitanda vimekaribiana, na kuna mgonjwa wa jirani ambaye naye ana haki ya kusitiriwa. Naomba dakika 15 asubuhi na 15 jioni, mtu mmoja, amenawa, amevaa gauni, ameelekezwa ashike wapi.

Na mkikumbuka historia ya chumba chenyewe, ombi hili si geni. Agosti 1952 mjini Copenhagen, polio ilipowafanya watu washindwe kupumua, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen aliwaokoa kwa kuwatoboa koo na kuwapulizia hewa kwa mfuko wa mpira unaominywa kwa mkono. Mashine za kutosha hazikuwepo. Wakaitwa wanafunzi, wapatao 1,500 kwa zamu, wakakaa kando ya vitanda wakiminya mifuko usiku na mchana kwa miezi. Mwaka uliofuata Ibsen akaanzisha chumba maalumu kwa wagonjwa wa aina hiyo. Kwa hiyo kabla ICU haijawa na mashine ilikuwa na mtu aliyekaa karibu na mgonjwa akimtazama usoni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nafundisha katika darasa lililojengwa kwa fedha za kukabiliana na janga la UVIKO-19, zile shilingi trilioni 1.3 za mwaka 2021, na najua fungu la fedha hizohizo lilikwenda kwenye vyumba vya ICU, idara za dharura na mitambo ya oksijeni. Nawapongeza kwa moyo wote. Vilevile najua kwamba vifo vya wanawake vitokanavyo na uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16, na kwenye ule wa 2022 vikawa 104. Mdogo wangu ni mmoja wa ambao hawakuingia kwenye hesabu hiyo, na kila nikimwona anamfunga mwanawe mgongoni nakumbuka kwamba kuna watu walifanya kazi ili iwe hivyo. Basi kwa kuwa jengo lipo na mashine zipo, ninachoomba kinaweza kuanza kesho.

Naomba kila ICU iwe na saa inayojulikana, tuseme saa nane mchana baada ya madaktari kupita vitandani, ambapo daktari au muuguzi wa zamu anatoka na kuita familia moja moja. Dakika 5 zinatosha kwa siku ya kawaida. Aseme jana ilikuwaje, leo ikoje, tunasubiri nini, tunaogopa nini. Aseme hata kama hakuna jipya, kwa sababu sisi tukikaa kimya tunasikia kifo. Siku ya kusaini fomu au ya habari mbaya, watu wakae. Chumba si lazima kijengwe. Kila hospitali ina ofisi ambayo saa nane mchana haina mtu, ina viti vinne na mlango unaofungika. Kabla hamjaondoka mwambieni ndugu arudie alichoelewa kwa maneno yake mwenyewe. Darasani ndivyo tunavyojua kama mtoto ameelewa, na kwa shemeji yangu sekunde 20 za namna hiyo zingeiokoa familia siku mbili za jehanamu.

Naomba siku ya kwanza tupewe karatasi moja ya Kiswahili chepesi inayoeleza mashine ile ni ya nini, kwa nini amelazwa usingizi, kwa nini mikono imefungwa, alamu zikilia maana yake nini, namba gani ya simu tupige, nani wa kuulizwa. Familia nayo itoe mtu mmoja wa kuzungumza nanyi ili msisumbuliwe na shangazi, mjomba na jirani. Upande wetu nao una makosa, nakiri. Tumewahi kumzingira nesi watu tisa kwa wakati mmoja na kumpigia kelele. Na mlinzi wa mlango ule afundishwe pia, kwa kuwa yeye ndiye anayezungumza nasi kuliko mtu mwingine yeyote hospitalini.

Mtaniambia wauguzi ni wachache. Ni wachache, tuliwaona wakikimbia. Lakini maofisa ustawi wa jamii mnao. Siku zile 9 afisa wa ustawi tulimwona siku ya mwisho tu, dirishani, kuhusu deni. Mleteni benchini siku ya kwanza. Aulize nani anauguza, amekula, amelala wapi, nyumbani wamebaki nani, kama kuna bima, kama kuna haja ya msamaha. Sisi tulikuwa na kichanga kinacholia kwenye korido na hakuna aliyeuliza kinanyonya nini mpaka mama wa familia ya kitanda namba mbili alipotuelekeza wodi ya watoto njiti. Na viongozi wa dini wapo, wengi wangekuja bila malipo kama wangepewa utaratibu.

Kitanda namba mbili. Mzee wa familia ile alifariki siku ya saba, saa kumi jioni, saa ya kuona wagonjwa, korido imejaa. Mtoto wake wa kiume aliambiwa pale mlangoni, watu wanapita na vikapu vya chakula. Alishuka taratibu na mgongo ukutani mpaka chini. Hakukuwa na mahali pa kumpeleka, mama yangu akatandua khanga yake akamziba nayo watu wasimtazame. Dakika kumi hazijaisha akaletewa karatasi ya malipo. Wizara mmeshatamka zaidi ya mara moja kwamba maiti isizuiwe kwa sababu ya deni. Ongezeni basi na hili: karatasi ya deni isifike kabla ya pole.

Niongeze jambo la mdogo wangu, maana naye ana lake. Alipotolewa mashine na kurudi kwenye akili zake, akawa na ndoto moja inayojirudia. Yuko kwenye mashua, amefungwa mikono, mtu anamvuta kamba kooni, na ufukweni mtoto analia. Alikuwa ananiuliza, "Dada, nani alinifunga?" Nilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kitandani kwake, nimezihesabu, na sikuwa na la kumjibu. Rafiki yangu daktari ndiye aliyetueleza kwamba mikono hufungwa ili mgonjwa asiuchomoe mpira akiwa usingizini. Akatuambia pia kwamba huko Denmaki, Norwe na Uswidi wauguzi wengi huweka daftari kitandani, wanaandika kila siku mistari michache kwa mgonjwa mwenyewe: leo ulifungua macho, leo mama yako alikuja, leo tulikufunga mikono kwa sababu hii. Akipona anasoma. Daftari la kurasa 40 hata sisi tungelinunua. Tungeandikiwa kwenye kikaratasi tungekimbia dukani kama tulivyokimbilia glavu.

Na msiishie ICU. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti mkubwa uliopima wagonjwa karibu 20,000 katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Mmoja kati ya kila wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na karibu asilimia 70 ya hao mahututi walikuwa kwenye wodi za kawaida. Maana yake mama wengi kama mama yangu wako huko pia wakiuguza mtu anayepigania pumzi, wakiwa ndani ya mlango lakini hawajaambiwa lolote. Maneno yanayotolewa saa nane mchana yawafikie na wao.

Nikiitwa kuzungumza na kamati yoyote nitakuja kwa nauli yangu, na shemeji amekubali kuja kueleza habari ya figo kwa mdomo wake. Nitabeba bahasha. Na kama mtaona saa nzima ni nyingi kwa kuanzia, anzeni na karatasi zenyewe. Nimevigeuza vikaratasi vyote 14 jana usiku. Upande wa nyuma ni mweupe. Nesi anayeandika "glavu boksi moja" akigeuza na kuandika "amepumua vizuri usiku, homa imeshuka" au "hali ni nzito leo, msiende mbali", tutanunua glavu na tutajua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Dada wa mgonjwa wa kitanda namba 4